Kabla fundi hajashika msasa, watoto watoke: Sumu iliyojificha kwenye rangi ya zamani

Machi mwaka 2000, familia ya wakimbizi wa Sudan iliyotokea Misri iliwasili Marekani na kuanza maisha katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire. Wiki chache baadaye mtoto wao wa kike, mwenye umri wa miaka miwili, alianza kutapika na kupata homa ndogo. Alipelekwa hospitali, akapewa dawa, akarudi nyumbani. Hali ikazidi kuwa mbaya. Aprili, mwaka huohuo, alifariki dunia.

Damu yake ilikutwa na madini ya risasi zaidi ya mikrogramu 390 kwa kila desilita. Kwa kulinganisha, leo nchini humo mtoto akifikisha mikrogramu 3.5 tu, wataalamu huanza kumfuatilia. Uchunguzi ulielekeza kwenye rangi iliyokuwa ikibanduka katika nyumba ya zamani waliyohamia.

Wazazi wengi tunajua hatari ya mafuta ya taa au dawa ya panya. Rangi ya ukutani hatuifikirii kabisa.

Kwa nini watoto?

Kwa miaka mingi viwanda viliongeza risasi kwenye rangi ili ikauke haraka, ing'ae na idumu. Rangi ikiwa nzima ukutani, hatari yake ni ndogo. Shida huanza inapobanduka, inaposuguliwa na dirisha au mlango unaofunguliwa kila siku, au inapopigwa msasa. Hapo hugeuka vumbi.

Mtoto anatambaa, anaokota, anatia vidole mdomoni. Mwili wake unaweza kufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Risasi huathiri ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, kutulia na kusikiliza. Madhara hayo yanaweza kudumu maisha yote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mbaya zaidi, mtoto mwenye sumu hii mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Kipimo cha damu ndicho kinachotoa jibu.

Wenzetu wanafanyaje?

Marekani ilipiga marufuku rangi ya majumbani yenye risasi mwaka 1978, lakini nyumba za kabla ya hapo bado zinakaliwa na watu, zikiwamo familia za wazungumzaji wa Kiswahili. Kazi ya kuondoa rangi hiyo moja kwa moja haipewi fundi yeyote tu. Lazima awepo msimamizi mwenye cheti, na mafunzo yake hayapungui saa 32.

Kabla ya kazi, huandaliwa mpango wa maandishi unaoeleza jinsi wakazi watakavyolindwa. Msimamizi lazima awepo eneo la kazi wakati wa maandalizi na wakati wa usafi wa mwisho. Muda mwingine akiondoka, apatikane kwa simu na aweze kufika ndani ya saa mbili.

Kuchoma rangi kwa moto ni marufuku. Mashine ya kusugua hairuhusiwi bila kifaa chenye kichujio maalumu cha kunasa vumbi. Kukwangua rangi ikiwa kavu huruhusiwa sehemu chache tu, kwa mfano karibu na soketi za umeme ambako maji ni hatari.

Wafanyakazi hawali, hawanywi wala kuvuta sigara eneo lenye vumbi la risasi. Wanapomaliza hunawa na kubadili nguo, wasije wakaipeleka sumu kwa watoto wao.

Usafi ukiisha, husubiriwa angalau saa moja vumbi litulie, kisha mkaguzi mwenye cheti huchukua sampuli za vumbi kwenda maabara. Macho kuona sakafu inang'aa hakutoshi.

Wewe msimamizi wa nyumba yako

Huku kwetu fundi rangi mara nyingi huja na msasa, ndoo na brashi, na watoto hubaki palepale wakimtazama. Kwa hiyo usimamizi unabaki kwa mzazi. Nyumba ikiwa ya zamani, au hujui ilipakwa rangi gani, fanya haya:

• Rangi ikiwa nzima, usiikwangue. Pakia juu yake.

• Ikibidi kukwangua, watoto na mama mjamzito wasiwepo mpaka usafi uishe.

• Toa vyombo, vyakula na magodoro. Tandika nailoni sakafuni.

• Mwambie fundi aloweshe ukuta kwa maji kwanza, mbali na umeme, na asitumie moto.

• Usifagie vumbi kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, zaidi ya mara moja.

• Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

• Nawisha watoto mikono kabla ya kula na osha midoli yao.

• Wape vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi, kama maharage, dagaa, mboga za majani na maziwa. Mwili wenye upungufu wa madini hayo hufyonza risasi zaidi.

Unaponunua rangi mpya, uliza kama ina risasi. Umoja wa Mataifa unapendekeza isizidi sehemu 90 kwa kila sehemu milioni moja.

Kama mtoto wako amekuwa akila vipande vya rangi, au mmekarabati nyumba akiwa ndani, usisubiri augue. Mweleze daktari hivyohivyo, kwa sababu homa na kutapika vinafanana na magonjwa mengi, na daktari asiyeambiwa habari za rangi anaweza asifikirie kupima risasi.