Kusimama na Kuegesha: Lugha ya Vibao vya Magari Mbeya na Iringa

Dereva apandaye kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini, au apitaye Mwanjelwa katika jiji la Mbeya, hukutana na vibao vya namna mbili juu ya mahali pa kuacha gari. Kuna vile vya mamlaka ya barabara, vyenye alama na herufi, na kuna vile vilivyoandikwa kwa rangi na wenye maduka na nyumba. Husemwa mara kwa mara kwamba vibao hivi havifuatwi kwa sababu madereva hawasomi. Lakini maneno yenyewe yakichunguzwa, yaonekana kwamba sehemu kubwa ya matatizo imo katika lugha.

Kitenzi simama kina kazi nyingi. Mtu aliyeketi akiinuka, amesimama. Aliyekuwa akienda akiacha kwenda, amesimama. Na gari lililoachwa tangu alfajiri nalo pia limesimama. Sheria za barabara, kwa upande wake, hutenga mambo mawili. Kwa Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani, gari limesimama tu ikiwa limetulia kwa muda unaohitajiwa kupandisha au kushusha watu, au kupakia na kupakua mizigo. Likitulia kupita hapo, wala si kwa kuepuka kizuizi wala kutii amri ya barabara, basi limeegeshwa. Kwa hiyo kipimo si saa peke yake, bali na kusudi. Mwenye daladala ashushaye abiria amesimama. Akizima mtambo akaenda kunywa chai, ameegesha.

Neno egesha lenyewe ni mgeni katika nyanda hizi za juu. Ni neno la pwani: kuegesha chombo ni kukileta karibu hata kikakaa ubavuni mwa gati, na yaelekea ni ndugu wa egema na egemea. Lilipopanda milimani lilimkuta mshindani wake, paki, ambalo ndilo lililo midomoni mwa makondakta na waendesha bajaji. Si haki kulibeza. Limekwisha kuingia katika sarufi, nalo hushika i yake popote, usipaki, nimepaki, kama ilivyo desturi ya vitenzi vilivyotoka ugenini. Sifa moja egesha inalishinda: limezaa jina, maegesho.

Na jina hilo ndilo lililoleta kosa lililoenea kuliko yote, yaani kibao kisemacho “Hakuna maegesho.” Mteja akiambiwa dukani kwamba hakuna sukari, hafahamu kuwa amekatazwa sukari; hufahamu kuwa imekwisha. Vivyo hivyo kibao hiki chatoa habari tu, tena habari ambayo dereva aweza kuikanusha kwa macho yake, maana nafasi aiona. Ni kivuli cha Kiingereza kilichovikwa kanzu. Katazo la Kiswahili ni “Usiegeshe” au “Ni marufuku kuegesha.”

“Usiegeshe hapa” nayo yahitaji kutazamwa. Hapa ni wapi? Chini ya nguzo, mbele ya mlango, au mtaa mzima? Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wa vibao hawautumii: hapa ni mahali dhahiri, huku ni eneo lisilo mpaka, humu ni ndani. Uani pangefaa humu. Lakini hata huku haitoshi barabarani, lililo bora ni kutaja mpaka, kwa mfano “kuanzia kibao hiki hadi njia panda.” Pasipo mpaka, mtu huacha gari hatua tatu kutoka kwenye nguzo, naye akaamini kwamba ametii.

Herufi zina kichekesho chake. Katika mfumo wa alama wa nchi za SADC, P iliyokatwa hukataza kuegesha, na S iliyokatwa hukataza kusimama. Herufi hizi zatokana na maneno ya Kiingereza, lakini kwa bahati zaafikiana na paki na simama. S ni katazo kubwa zaidi, kwani asiyeruhusiwa kusimama hawezi kuegesha. P yaacha nafasi ya kushusha mgonjwa mlangoni. Aisomaye P kuwa “usisimame” hujinyima haki yake.

Jambo hili lina uzito mpya. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 iliandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huo huo TARURA ilianza kukusanya ada za maegesho kwa mfumo wa kielektroniki, deni likaandikwa kwa namba ya gari, hata dereva asipokuwapo kujieleza. Mfasiri akiweka simama kila mahali, mwenye lori aliyeshusha magunia ya viazi sokoni Iringa, na mwenye gari aliyeliacha hapo mchana kutwa, watafika mbele ya hakimu kwa kosa moja.