Noa: jina la binti aliyedai ardhi ya baba yake

Je, Noa ni sawa na Nuhu wa safina? Hapana. Kwa Kiebrania majina haya huandikwa kwa herufi tofauti. Nuhu, la kiume, linahusishwa na kupumzika. Noa, la kike, linahusishwa na mwendo.

Asili yake tunaipata katika Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Selofehadi alifariki bila mtoto wa kiume. Binti zake watano, Noa akiwa mmoja wao, walisimama mbele ya Musa na viongozi wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee na wao wakose ardhi. Mungu akasema wana haki, wapewe urithi. Baadaye, sura ya 36 iliweka sharti: waolewe ndani ya kabila lao, ardhi isihamie kwingine.

Kiebrania kilipofufuliwa kuwa lugha ya mazungumzo, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, wazazi walirudia majina ya Biblia yaliyokuwa yamesahaulika. Leo Noa ni miongoni mwa majina ya wasichana yanayopendwa sana Israeli.