Ugonjwa Uliokomea Mlangoni

Mwanzoni mwa karne ya 20, homa ya tifasi iliuandama mji wa Tunis. Hii si taifodi ya maji machafu. Ni homa kali ya vipele, ambayo humfanya mgonjwa aweweseke. Namna inavyoenea haikujulikana. Daktari Mfaransa Charles Nicolle, aliyeongoza Taasisi ya Pasteur mjini humo tangu 1903, hakuanza na hadubini. Alianza kwa kuangalia nani anaugua na nani anasalimika.

Wagonjwa waliwaambukiza jamaa zao nyumbani. Hospitalini waliwaambukiza wahudumu waliowapokea, hata wafuaji wa nguo zao. Lakini wakishaogeshwa na kuvishwa nguo za hospitali, walilazwa bega kwa bega na wagonjwa wengine bila kumwambukiza yeyote. Kama tifasi ingeenezwa kwa pumzi au kwa kugusana, wodini ndiko kungekuwa na hatari kubwa. Basi kilichoibeba kilivuliwa mapokezi pamoja na nguo. Nicolle alimshuku chawa.

Mwaka 1909 alimdunga sokwe damu ya mgonjwa, kutoka kwa sokwe akamwambukiza kima, kisha akawahamisha chawa waliomnyonya kima huyo hadi kwa kima wazima. Nao wakaugua. Baadaye ilibainika kuwa vimelea vimo kwenye kinyesi cha chawa: mtu akijikuna, hupenya kwenye michubuko. Ndiyo maana hata aliyeshika nguo tu alikuwa hatarini. Nicolle alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1928.

Uzito wa ugunduzi huu uko hapa: bakteria wa tifasi alipewa jina mwaka 1916 tu, lakini kinga ilikwishapatikana. Ukimjua mbebaji, unaweza kumzuia kabla ya kukijua anachobeba. Maji, sabuni na nguo zilizochemshwa vilitosha kuanzia.

Vitu hivyo ndivyo vita huvinyang'anya kwanza. Mwaka 1997, katika kambi za waliokimbia mapigano nchini Burundi, watu walisongamana kwenye baridi ya milimani, wengi wakiwa na nguo walizovaa tu. Zaidi ya 45,000 waliugua tifasi, waliyoiita sutama. Dozi moja ya doksisaiklini humponya mgonjwa, ila haimwondoi chawa aliyemo kwenye shati. Anayepanga kambi bila sehemu ya kufulia anaacha nusu ya tiba nje.