Kitabu cha Kwanza cha Mtoto wa Kasongo

Mwambie mtoto wa miaka sita wa Kasongo apige kofi moja kwa kila pigo la neno "mutoto". Atapiga matatu: mu-to-to. Kisha mwonyeshe neno hilohilo lilivyochapishwa kitabuni, "mtoto", umwombe alisome. Wengi hukwama palepale kwenye m. Wamezoeshwa ma, me, mi, mo, mu, na hapa irabu haipo. Mwalimu asiyeijua vizuri herufi hii atamkemea mtoto kwamba hajui kusema. Anayeijua atamwambia apige makofi tena, polepole: m-to-to. Matatu vilevile. Ile m husimama peke yake na kubeba pigo zima, kwa hiyo neno la kitabuni na neno la nyumbani yana mwendo mmoja.

Tunapozungumza kuhusu vitabu vya darasa la kwanza na la pili huko Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, mazungumzo hukimbilia idadi: vimefika vingapi, vinahitajika vingapi. Idadi ni jambo zito, nitalifikia. Lakini kitabu kinaweza kufika mezani kwa mtoto na bado kisimfikie mtoto mwenyewe, na hilo hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Kiswahili si mgeni Kasongo. Mji huu ulikuwa makao ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, na lugha ilifika pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Asili hiyo ina uchungu, na sioni sababu ya kuipamba. Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mji. Mabwana wa misafara wakaondoka, lugha ikabaki midomoni mwa watu na kupata jina la Kingwana. Mwaka 1928 wamisionari John na L. F. Whitehead, waliokuwa Wayika kwenye mto Lualaba, walichapisha mwongozo wa Kingwana. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1930, makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki yaliunda kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa kufuata lahaja ya Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwa na kiti kwenye meza ile. Ndiyo maana leo mtoto wa Kasongo husema "mutoto" na "muti", huku kitabu chake kikiandika "mtoto" na "mti". Hakuna aliyekosea kati yao.

Sheria iko upande wa mtoto huyu. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na Sheria Na. 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa imezipa lugha hizo nafasi shuleni. Mitaala inataka watoto wa madarasa mawili ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya taifa ya eneo lao, Kifaransa kikiingia kwanza kama somo. Kasongo wana bahati ambayo sehemu nyingi za Kongo hazina: lugha ya sheria ndiyo lugha ya soko, ya mpira na ya ugomvi wa watoto.

Sasa tukifungue kitabu chenyewe. Kitabu kizuri cha mwanzo hujengwa kwa herufi chache zinazoongezwa kwa mpango, na kila ukurasa hutumia zile tu ambazo mtoto ameshazikuta. Kiswahili kinaruhusu hili kwa ukarimu wa ajabu. Soma haya: Mama ana kuku. Kuku anakula. Baba analima. Nani ana kinu? Mama ana kinu. Sentensi tano, zenye maana, zenye swali na jibu, na herufi zilizotumika ni nane tu: a, i, u, m, n, k, l, b. Mtoto aliyezishika nane hizi anaweza kuusoma ukurasa huo mwenyewe bila kukariri. Ukiongeza t na o, yanaingia maneno "toto" na "moto". Mtoto anaona kwamba maandishi yanasema kitu, na kwamba yeye ndiye aliyeyafanya yaseme.

Linganisha na kitabu kinachofungua ukurasa wa kwanza kwa bendera, aya ndefu na maneno kama "ng'ombe", "dhoruba" na "mshikamano". Picha ni za rangi, karatasi inang'aa, na mtoto hana mlango wa kuingilia. Anachofanya ni kumsikiliza mwalimu na kurudia kama kasuku, kidole kikienda kwenye mstari usio wake. Mgeni akiingia darasani atadhani watoto wote wanasoma. Funika picha, au anza katikati ya ukurasa, utaona. Kwangu kitabu cha namna hiyo ni duni kuliko karatasi ya mfuko wa saruji yenye sentensi tano zilizopangwa vizuri, hata kama kimegharimu mara mia.

Mzazi anayeuliza "na Kifaransa je?" ana haki ya kujibiwa. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi huandikwa kwa Kifaransa, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe abaki nyuma. Lakini angalia jinsi Kifaransa kinavyoandikwa. Ndege huandikwa "oiseau" na kutamkwa, kwa sikio letu, "wazo". Hakuna hata herufi moja kati ya hizo inayotoa sauti ambayo mtoto angeitarajia. Anayeanza kujifunza siri ya kusoma kwa lugha kama hii, tena lugha asiyoielewa, anabebeshwa mizigo miwili kwa pamoja. Anayeanza kwa Kiswahili hujifunza mara moja kwamba alama hubeba sauti, na ujuzi huo haurudiwi akibadili lugha. Kinachobaki ni kufundishwa tofauti: kwamba u ya Kifaransa ni nyingine, kwamba "ch" ya "chai" inakuwa sh kwenye "chat". Orodha hiyo ni fupi, na kitabu cha darasa la tatu kingepaswa kuifundisha waziwazi. Mfano upo: Nigeria, mwaka 1970, Babs Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walianza kuwafundisha watoto kwa Kiyoruba kwa miaka sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikifundishwa kama somo. Watoto hao hawakuachwa nyuma na wenzao, hata katika Kiingereza.

Kuna ugumu mmoja ambao watunzi wa vitabu wa mbali hawauoni. Kabambare, huko Salamabila na Namoya, dhahabu ni jambo la kila siku. Watoto wanaijua kabla ya kuijua shule. Kitabu huandika "dhahabu". Wengi wa wakazi hutamka "zahabu". Sauti za dh, th na gh hazikuota mizizi kwenye midomo mingi ya Kongo. Z, s na g zimechukua nafasi zake. Kwa hiyo mtoto anayeandika "zahabu" amesikiliza vizuri na kuandika alichosikia, na anastahili kusifiwa kwa hilo kwanza. Baadaye, labda mwishoni mwa darasa la pili, anaonyeshwa kwamba vitabu vina desturi yao. Herufi dh, th na gh zinapaswa kuja mwisho kabisa. Kitabu kilichopangwa kwa kufuata sikio la Zanzibar huweza kuzileta mapema mno kwa mtoto wa Maniema.

Na tusisahau kwamba si kila nyumba ya Kabambare inaamka kwa Kiswahili. Kuna vijiji ambako mtoto huanza na Kibangubangu, na Kasongo kuna nyumba za Kizimba na Kikusu. Kwa mtoto huyo hata "kinu" linaweza kuwa neno geni, ingawa kinu chenyewe kiko uani kwao. Mwalimu anayejua lugha ya nyumbani aitumie bila aibu: aonyeshe kitu, wakitaje kwa lugha ya mama, wakitaje kwa Kiswahili, ndipo neno liandikwe. Dakika tano za mazungumzo kabla ya kufungua kitabu huokoa saa nzima ya kurudia.

Nimeahidi kurudi kwenye idadi. Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, madarasa yamejaa kote nchini, na watoto wanaoingia hawaji na vitabu mikononi. Vitabu vya kwenda kusini mwa Maniema vina safari ndefu. Reli hufika Samba, ng'ambo ya Lualaba. Zaidi ya hapo ni barabara ambazo mvua huzigeuza matope, na mara nyingi mzigo humalizikia kwenye kinga, yaani baiskeli inayosukumwa kwa mikono. Kabambare, vurugu za vikundi vyenye silaha zimewahamisha watu na kuzifunga njia kwa vipindi.

Hebu tupige hesabu ya kinga. Kitabu kinene cha masomo yote, kurasa 160 za ukubwa wa karatasi ya A4, kina uzito wa gramu 430 hivi. Kijitabu cha kurasa 48, nusu ya ukubwa huo, kina gramu 70 hivi. Kinga iliyobeba kilo 100 itafikisha vitabu vinene 230, au vijitabu 1,400. Kwa darasa la watoto 70, hiyo ni tofauti kati ya vitabu vya madarasa matatu na vijitabu vya madarasa 20. Kijitabu kikipotea au kikiliwa na mchwa, hasara ni ndogo, na mtoto anayekimaliza huomba kingine, jambo ambalo sijawahi kuona kitabu cha kurasa 160 kikilizaa. Wanaopanga ununuzi Kinshasa na kwingineko wanapaswa kuifikiria kinga hiyo kabla ya kutia saini. Hadithi za kuchapa hazikosekani: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, na tangu 2014 mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini umekuwa ukitoa hadithi fupi kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni inayomruhusu yeyote kunakili na kurekebisha. "Kurekebisha" ndilo neno ninalolipigia mstari.

Wakati vijitabu havijafika, darasa haliwezi kungoja. Kabambare ina kisa chake cha zamani kuhusu uhaba huu. Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikwama hapo, mahali alipopaandika "Bambarre", miguu imejaa vidonda, karatasi na wino vikimwishia. Aliandika juu ya magazeti ya zamani na kurasa za vitabu, kwa wino wa mbegu za mmea wa huko. Barua aliyoiandika hapo Februari 1871 ilififia kiasi kwamba mwaka 2010 wataalamu walihitaji upigaji picha wa mwanga maalumu ili isomeke. Kwa mwalimu, habari hiyo ina manufaa: rangi ya mmea huliwa na mwanga. Masizi hayaliwi. Komba masizi chini ya sufuria, yachanganye na uji mwepesi wa muhogo uliochemshwa, tafuna ncha ya kijiti iwe brashi, na una wino mweusi usiofifia upesi kwa mwanga.

Karatasi nayo ipo. Mfuko wa saruji una tabaka kadhaa. Zile za ndani ni safi na imara baada ya kukung'utwa vumbi, nje, mbali na watoto. Ukiukata na kuufungua unapata ukurasa unaosomeka kutoka benchi la nyuma. Andika sentensi zile tano kwa herufi za urefu wa kiganja, tundika, na watoto 70 wana kitabu kimoja wanachokiona wote kwa wakati mmoja. Kila wiki ukurasa mpya, na zile za zamani zishonwe kwa kamba upande mmoja. Vifuniko vya chupa, kila kimoja na herufi yake, vinatosha kuunda maneno mezani.

Jambo moja nalipinga bila kusita. Katika shule nyingi ubao, au tablo kama wanavyouita wenyewe, hupakwa upya kwa unga mweusi wa betri zilizokwisha. Unga huo una manganizi, sumu inayodhuru ubongo inapovutwa kama vumbi siku baada ya siku, na watoto wa darasa la kwanza ndio wanaokaa karibu zaidi. Mkaa uliotwangwa laini pamoja na majani ya muhogo hufanya kazi ileile.

Na vitabu vilivyofika? Vingi viko kabatini kwa dirikta, yaani mwalimu mkuu, vimefungwa kwa kufuli, vipya kama siku vilipoletwa. Naelewa hofu yake: ataulizwa vikipotea, na hakuna atakayemuuliza kama havikusomwa. Hapo wakaguzi na kamati za wazazi wana kazi ya kufanya. Wakubaliane kwa maandishi kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakilipwi na mtu. Kisha daftari moja la mistari litoshe: jina la mtoto, jina la kijitabu, Ijumaa kimetoka, Jumatatu kimerudi. Nyumbani, bibi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kuuliza kuku wa hadithi alienda wapi. Kijitabu kikirudi na alama ya mawese kwenye ukurasa wa nne, mwalimu akifute, aandike "kimerudi", na akitoe kwa anayefuata.