Leseni ya Meneja wa Jengo la Fleti

Meneja wa jengo la fleti ni mtu au kampuni inayoendesha mali ya pamoja kwa niaba ya wamiliki wengi. Kila mmiliki ana hati ya fleti yake, lakini ngazi, lifti, paa, msingi, pampu, matanki ya maji, maegesho na mfumo wa majitaka ni vya wote. Meneja hukusanya ada ya huduma, hulipa walinzi na wafanya usafi, hununua umeme wa LUKU wa maeneo ya pamoja, humwita fundi lifti inapokwama, hutunza vitabu vya hesabu na kuandaa mkutano mkuu wa wamiliki. Kazi hiyo inampa mamlaka juu ya fedha ambazo si zake na juu ya usalama wa familia nyingi, na ndiyo sababu nchi kadhaa zimeamua kwamba asiifanye bila leseni.

Tanzania Bara ilipata sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, yaani Sheria Na. 16 ya mwaka huo. Kabla ya hapo, msingi wa umiliki ulikuwa ardhi: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitambua wamiliki wa pamoja wa kiwanja, lakini haikumpa mtu njia rahisi ya kupata hati ya fleti moja ya ghorofa ya nne aweze kuiuza au kuiweka rehani benki. Sheria ya 2008 iliruhusu jengo kugawanywa katika sehemu zenye hati zake, ikatenga maeneo ya pamoja, ikaweka chama cha wamiliki cha kuyasimamia, na ikagusa utatuzi wa migogoro inayotokana na matumizi ya maeneo hayo. Miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa kama Kawe 711 na Morocco Square jijini Dar es Salaam ni ya zama hizi mpya. Zamani shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1962, lilijulikana zaidi kama mwenye nyumba anayekusanya kodi na kufanya matengenezo. Fleti inapouzwa, mzigo wa matengenezo ya pamoja huwahamia wanunuzi, na chama chao ndicho huajiri meneja.

Hapo ndipo pengo lilipo. Sheria inamjua mmiliki na inakijua chama, lakini meneja anayelipwa na chama hana bodi inayomsajili kwa kazi hiyo. Fani zinazomzunguka zote zina bodi: wahandisi, makandarasi, wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na pia wathamini, ambao sheria yao ya usajili ilitungwa mwaka 2016. Mthamini akikiuka maadili, kuna mahali pa kumshtaki na kuna jina la kufuta kwenye rejista. Udalali na usimamizi wa milki haujapata sheria ya namna hiyo, ingawa Wizara ya Ardhi imekuwa ikieleza kwa miaka kadhaa nia ya kuitunga.

Leseni ya biashara haizibi pengo hilo. Kampuni ya kusimamia majengo husajiliwa na wakala wa usajili wa biashara, BRELA, hupata namba ya mlipakodi, kisha huchukua leseni chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Karatasi hizo zinathibitisha kwamba biashara ipo na inatambulika kwa kodi. Hazisemi kama mwendeshaji wake anajua kusoma ripoti ya mhandisi, kama amewahi kuhukumiwa kwa wizi, wala fedha za wateja zitakaa akaunti ipi. Leseni ya taaluma hujibu maswali hayo, na aliyeipata anaweza kunyang'anywa.

Uzito wa jambo huonekana kwenye hesabu ndogo. Jengo la mfano lina fleti 20, na kila fleti hutoa ada ya huduma ya Sh80,000 kwa mwezi. Makusanyo ni Sh1,600,000 kwa mwezi, sawa na Sh19,200,000 kwa mwaka. Asilimia 10 ikiwekwa akiba kwa matengenezo makubwa, mfuko hupata Sh1,920,000 kila mwaka, na baada ya miaka 10 huwa na Sh19,200,000 za kupaka rangi upya, kuziba paa au kubadilisha pampu. Fedha hizo zikipita kwenye namba ya simu ya meneja, au zikichanganywa na za majengo mengine anayoyasimamia, wamiliki hawawezi kujua kilichobaki mpaka siku pampu inapoungua. Wanne tu wasipolipa, makusanyo ya mwezi hushuka kwa Sh320,000, na kwa kawaida kinachoahirishwa kwanza ni ule mchango wa akiba, kwa kuwa mlinzi hawezi kuambiwa asubiri.

Kwa hiyo, mifumo mizuri ya leseni hulinda fedha kwanza. Huko Dubai, Sheria Na. 6 ya mwaka 2019 kuhusu milki za pamoja imeweka kampuni za usimamizi chini ya mamlaka ya milki ya emirati hiyo, na ada za huduma huingia kwenye akaunti maalumu za benki zinazofuatiliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Afrika Kusini, sheria ya wataalamu wa milki iliyoanza kutumika Februari 2022 inawataka mawakala wa usimamizi wawe na cheti cha mfuko wa fidia, na wamiliki wenye malalamiko wana ofisi ya msuluhishi iliyoundwa kwa ajili ya makazi ya pamoja pekee.

Jambo la pili linalolindwa ni uadilifu. Jimbo la Ontario, Kanada, lilianza kutoa leseni kwa mameneja Novemba 2017 chini ya sheria ya mwaka 2015. Meneja hulazimika kutangaza mgongano wa masilahi, kwa mfano kampuni ya usafi inayopewa zabuni ikiwa ni ya ndugu yake. Haruhusiwi kuwaendea wamiliki kuomba kura za uwakilishi, maana kwa kura hizo angeweza kuchagua viongozi wanaomsimamia yeye mwenyewe. Mkataba wake ukiisha, hukabidhi nyaraka za jengo. Sharti hilo la mwisho ni dogo kwa maneno lakini zito kwa matokeo: chama kisicho na michoro ya mabomba, dhamana ya lifti na orodha ya wadaiwa huanza upya kila kinapobadilisha meneja.

La tatu ni jengo lenyewe, na hapa leseni peke yake haitoshi. Florida, Marekani, imewapa leseni mameneja wa makazi ya pamoja tangu miaka ya 1980. Mwombaji husoma kozi ya saa 16, hufanya mtihani na huchunguzwa kama ana rekodi ya jinai. Hata hivyo, tarehe 24 Juni 2021, jengo la ghorofa 12 la Champlain Towers South mjini Surfside liliporomoka usiku na kuua watu 98. Mhandisi alikuwa ameonya kuhusu zege lililoharibika tangu mwaka 2018, na wamiliki walichukua muda mrefu kukubaliana kuhusu gharama za ukarabati. Mwaka 2022 jimbo hilo lilitunga sheria ya kulazimisha ukaguzi wa majengo ya pamoja ya ghorofa tatu au zaidi yanapozeeka, pamoja na akiba ya matengenezo ya muundo ambayo wamiliki hawawezi kuipigia kura ya kuifuta. Meneja mwenye sifa anaweza kusoma onyo na kulifikisha mkutanoni. Kinachowalazimisha wamiliki kutoa fungu ni sheria ya ukaguzi na akiba.

Afrika Mashariki hatua zimepishana. Kenya ilibadilisha sheria yake ya mwaka 1987 kwa Sheria ya Milki za Sehemu ya mwaka 2020, ambayo ina kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro ya wamiliki. Vilevile ina sheria ya mawakala wa nyumba, yenye bodi ya usajili, ambayo tafsiri yake ya kazi ya uwakala inagusa usimamizi wa majengo. Uganda ilitunga sheria ya kondominiamu mwaka 2001, na Zanzibar mwaka 2010.

Nchini Tanzania, fleti hazijafika kila mahali. Katika kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, nyumba bado inamilikiwa pamoja na kiwanja chake, na paa likivuja mwenye nyumba ndiye hupanda kulitazama. Sheria ya 2008 inawahusu wakazi wake hata hivyo, kwa kuwa ni ya Tanzania Bara yote. Mtu wa Unyambwa hukutana nayo anapotumia mafao ya kustaafu au mauzo ya alizeti ya misimu kadhaa kununua fleti Dodoma, au Dar es Salaam iliyo takribani kilomita 700 kutoka nyumbani. Hawezi kwenda kila mwezi kuhesabu taa zilizoungua kwenye ngazi. Humtegemea meneja kwa kila kitu, na ndiye anayehitaji zaidi ulinzi ambao leseni ingempa.

Mpaka sheria itungwe, ulinzi huo hupatikana kwenye mkataba. Chama cha wamiliki kinaweza kudai akaunti ya benki yenye jina la chama na sahihi za viongozi wawili. Taarifa ya mapato na matumizi kila robo mwaka, inayotumwa pia kwa wamiliki walio mbali. Bei kutoka kwa wazabuni watatu kwa kazi zinazozidi kiwango kilichokubaliwa. Tamko la masilahi. Ukaguzi wa mhandisi aliyesajiliwa kwa vipindi maalumu. Na makabidhiano ya nyaraka ndani ya siku zilizotajwa mkataba ukivunjika. Mgogoro ukishindikana mkutanoni, chama kitakuwa na maandishi ya kupeleka kwenye chombo chenye mamlaka.

Watunga sheria nao watapaswa kuamua ukubwa wa jengo unaohitaji meneja mwenye leseni. Florida inaidai pale makazi yanapozidi fleti 10 au bajeti inapozidi dola 100,000 kwa mwaka. Kiwango cha namna hiyo kingefaa Tanzania, ambako jengo la fleti sita katika mji kama Singida linaweza kuendeshwa na wamiliki wenyewe kwa zamu, ilhali mnara wa Dar es Salaam wenye lifti, jenereta na mamia ya wakazi hauwezi. Majengo madogo yangebaki na wajibu wa akaunti tofauti na ukaguzi wa muundo, kwa sababu fedha za jirani na uzima wake vinastahili ulinzi uleule, liwe jengo kubwa au dogo.