Mstari Uliokatwa: Maandiko Matakatifu na Mshahara wa Dada wa Kazi

Mwaka jana, siku chache kabla ya Kwaresima, mzee mmoja wa kigango cha mbali alinijia baada ya Misa akiwa ameshika simu ndogo. Binti yake mwenye umri wa miaka 17 alikuwa amerejea kutoka Dar es Salaam na begi moja, baada ya kufanya kazi za ndani kwa miezi tisa. Mshahara, ambao siku zote aliambiwa kwamba unatunzwa hadi atakapoondoka, hakupewa. Mzee alipompigia mwajiri, alijibiwa kwa ujumbe wenye mistari miwili ya Biblia: Waefeso 6:5, ambapo watumwa wanaagizwa wawatii mabwana zao, na Mathayo 20:13, ambapo mwenye shamba la mizabibu anamkumbusha kibarua kwamba walipatana dinari moja. Mwishoni mwajiri alimtakia baraka za Mungu.

Mzee yule hakuja kulalamika, bali kuuliza. "Baba, kama ndivyo Neno lisemavyo, sisi tunyamaze. Sitaki kushindana na Mungu kwa ajili ya fedha."

Swali hilo limenielemea kuliko hata dhuluma yenyewe. Mwajiri aliyatumia Maandiko kama ngao, naye mzee aliyapokea kama sauti ya Mungu. Kwa hiyo mstari uliokatwa ulimfunga yule aliyeliheshimu Neno zaidi.

Kila aishiye Lushoto anaifahamu safari ya mabinti wetu. Barabara ile ile inayoteremsha kabichi na karoti kupitia Soni hadi Mombo ndiyo inayowateremsha wao kwenda mijini kuwa madada wa kazi. Siwalaumu wazazi. Mashamba yamegawanywa miongoni mwa ndugu hadi kubaki vipande, na mshahara wa binti mmoja huweza kumlipia mdogo wake mahitaji ya shule. Wapo pia waajiri wengi wema, wanaowalea mabinti hao kama watoto wao. Ninawasema wale wanaodhulumu huku wamefungua Biblia.

Tuirejee basi mistari ile miwili. Mtume Paulo, baada ya kuwaagiza watumwa utii, hakuweka kalamu chini. Katika Waefeso 6:9 anawageukia mabwana na kuwaamuru waache vitisho, akiwakumbusha kwamba wao na watumwa wao wana Bwana mmoja mbinguni, asiyependelea mtu. Mstari wa 5 haukuandikwa ili bwana amsomee mtumwa. Ulioandikwa kwa ajili ya bwana ni ule wa 9, na ndio ambao mwajiri hakuutuma. (Nami nikiri: nilipoyatafuta mahubiri yangu ya zamani juu ya sura hiyo, niliona kwamba niliishia mstari wa 8.)

Mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu unashangaza zaidi, kwa kuwa unamhukumu yeye aliyeutaja. Mwenye shamba yule alilipa. Tena alilipa jioni ile ile, kama isemavyo Mathayo 20:8, akiitimiza Torati iliyoagiza katika Kumbukumbu la Torati 24:15 kwamba jua lisichwe kabla ya maskini kupata ujira wake. Nao waliofanya kazi saa moja tu aliwapa ujira wa siku nzima. Atakayejifananisha na bwana huyo aanze kwa kuhesabu amekwisha kulipa nini.

Sisi Wakatoliki tunacho pia kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho katika sura ya 34 kinamweka anayemnyima kibarua ujira wake pamoja na mmwaga damu. Yakobo 5:4 asema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inaitaja dhuluma dhidi ya mfanyakazi wa ujira miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu.

Kuyakata Maandiko si jambo jipya. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa Waafrika katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Humo habari ya Waisraeli kukombolewa kutoka Misri iliondolewa, na pia Wagalatia 3:28, inayosema kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala mtu huru. Waefeso 6:5 iliachwa mahali pake. Utumwa huo si hadithi ya mbali kwa watu wa Usambara. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ndugu wa ukoo wake walipigana, na watu wa milima hii walitekwa na kuuzwa pwani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, namba 12, unatufundisha kuyasoma Maandiko kwa kuzingatia umoja wa Maandiko yote, pamoja na Mapokeo hai ya Kanisa. Kwa lugha ya kigangoni: kabla ya kumsomea mwenzako mstari, soma uliotangulia na unaofuata, kisha jiulize ni nani anayeambiwa. Shetani naye alimnukulia Bwana wetu Zaburi ya 91 jangwani, na Bwana akamjibu kwa Maandiko mengine.

Lipo jambo zito kuliko mshahara. Wapo mabinti wanaorudi wakiwa wameharibiwa na mtu wa nyumba ile, na wazazi wao huambiwa wasamehe saba mara sabini. Agizo hilo lipo katika Mathayo 18:22. Lakini katika sura hiyo hiyo, mstari wa 6 unataja jiwe la kusagia shingoni mwa amkwazaye mmoja wa wadogo, na kuanzia mstari wa 15 Bwana anaagiza kosa lisemwe, na mkosaji asiposikia, mashahidi waitwe. Msamaha haukatazi kwenda polisi. Kwa aliye chini ya miaka 18, namba 116 hupokea taarifa bila malipo.

Kuhusu mshahara, madai hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 60, na yakichelewa ni lazima kwanza kuomba kuongezewa muda. Wazazi wajue pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, hata kama aliyemwombea kazi ni shangazi yake.

Nilimsomea mzee yule mstari wa 9 mara mbili. Aliniomba nimwandikie kwenye karatasi, akaikunja na kuiweka katika mfuko wa shati. Jumatatu iliyofuata alipanda basi la Dar es Salaam pamoja na binti yake.