Gari dogo lenye injini kali: raha yake, na bili ya fundi inayofuata

Vitunguu saumu vikilipa Mbulu, au ngano na mahindi yakiwa na bei nzuri Hanang, kuna vijana wanaoanza kuulizia magari. Wengi huishia kwenye beibi woka: IST, Vitz, Passo. Wengine hayo hawayataki. Wanataka Subaru Impreza, au Toyota Runx ile ya Z Aero. Ni magari madogo, yametumika Japani, lakini injini zake si za mchezo. Bei ya kununua mara nyingi huwa ndani ya uwezo wa mavuno mazuri. Msikilizaji, tatizo huanza baada ya hapo.

Tuanze na raha, maana ipo. Runx Z Aero ina injini ya cc 1,800 yenye nguvu ya farasi 190, kwenye gari ambalo kwa nje ni la kwenda nalo sokoni. Impreza yenye turbo ina faida nyingine inayotuhusu sisi wa nyanda za juu. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Turbo husukuma hewa ndani kwa nguvu, hivyo mlimani haichoki upesi. Ongeza kwamba Impreza nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne, jambo unaloliona thamani yake siku ya mvua kwenye udongo mweusi. Na lami ya kutoka Katesh kwenda Singida inamtamanisha mtu kukanyaga mafuta. Tochi za trafiki nazo zipo, usisahau.

Sasa toka kwenye lami, uelekee vijijini. Gari hili lilitengenezwa likae chini. Jiwe ambalo Noah inalipita, hili linalipokea kwenye sampo, oili inamwagika, na ukiendelea kuendesha bila kujua injini imekwisha. Angalia pia tairi. Ubavuni kumeandikwa, kwa mfano, 215/45R17. Namba 45 maana yake kimo cha mpira ni asilimia 45 ya upana wa milimita 215, yaani chini kidogo ya sentimita 10. Tairi ya 185/65R15 ina sentimita 12. Sentimita hizo mbili ndizo zinazookoa rimu kwenye shimo. Ukikuta gari limekatwa springi ili lishuke zaidi, liache hapo hapo. Kwa barabara zetu bushi, boljointi na shokapu zitakuwa mgeni wako wa kila msimu. Breki pia: ukishuka Mlima Magara, tumia gia ndogo, usiache kazi yote kwa pedi.

Subaru inahitaji maelezo zaidi, kwani ndiyo inayowaumiza wengi. Silinda zake zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Kwa hiyo ina vichwa viwili na gasketi mbili za vichwa. Injini ikichemka, kazi ambayo kwenye IST ni moja hapa ni mbili, na mara nyingi injini hushushwa. Matoleo mengi ya zamani hutumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, pistoni zinaweza kugonga valvu. Usiamini kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, zinarudishwa nyuma. Ukinunua, badilisha mkanda huo mara moja, uanze hesabu yako mwenyewe. Runx na IST hutumia cheni, hapo mmiliki hulala usingizi. Kwenye Subaru ya magurudumu manne, usifunge tairi mbili mpya mbele na kuukuu nyuma. Zikitofautiana kimo, difu ya kati hufanya kazi isiyo yake hadi ife.

Turbo yenyewe huishi kwa oili. Oili ichelewe kubadilishwa, au iwe feki, itaanza kupiga mluzi na kutoa moshi wa bluu.

Spea za IST hupatikana hadi miji midogo. Za Impreza mara nyingi utaagiza Arusha au Kariakoo, zije kwa basi, na ikija isiyo yenyewe unasubiri tena. Gari linakaa juu ya mawe, mbegu hazijanunuliwa.

Mafuta ni hesabu ya darasa la tano. Tuseme unatembea kilomita 600 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 40. Linalokwenda kilomita 9 litakunywa karibu 67. Kwa mwaka tofauti ni lita 320. Zidisha kwa bei kikomo ya wilaya yako, ambayo EWURA huitangaza kila mwezi.

Kuhusu umri wa gari: muuzaji akisema "ni namba E", amekwambia tu lilisajiliwa Tanzania lini. Linaweza kuwa lilitengenezwa mwaka 2004. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi, usome. Hata ukiagiza mwenyewe Japani, gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Hakikisha jina la kwenye kadi ni la anayekuuzia, na angalia kwa namba ya gari kama lina madeni ya faini.

Siku ya kwenda kuliona, nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika; gusa boneti, ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Liwashe likiwa baridi, mtu asimame nyuma kuangalia moshi, kisha fundi aingie chini na tochi kabla hamjazungumza bei.